Siku Leymah Alipofungua Kilemba

Wanangu, leo nawapeleka mbali, Afrika Magharibi, katika mji wa Monrovia, mwaka 2003. Vita vya Liberia vilianza mkesha wa Krismasi wa mwaka 1989, vikatulia kidogo, vikawaka tena. Mtoto aliyezaliwa usiku ule sasa alikuwa na miaka 13, na huenda alishabeba bunduki. Wakuu wa vita walichukua watoto wa rika lenu, hata wadogo kuliko ninyi, wakawapa dawa za kulevya na silaha, kisha wakawatuma kuua. Sheria za kimataifa zinakataza kumtia vitani mtoto aliye chini ya miaka 15. Upande wa Rais Charles Taylor ulifanya hivyo, na waasi waliotaka kumng'oa walifanya vilevile.

Katika vita vya namna hii mwanamke hana mlango wa kufunga. Askari wakiingia nyumbani huchukua mchele, huchukua mtoto wa kiume, huchukua na msichana. Hakuna anayemuuliza anataka nini. Tegeni sikio hapa, kwa sababu hadithi yote ni ya kina mama waliolidai upya neno moja: sitaki.

Leymah Gbowee alikuwa na miaka 17 vita vilipoanza. Ndiyo kwanza amemaliza sekondari, anajiandaa kwenda chuo kikuu. Vita vikaizima ndoto hiyo. Baadaye akaishi na mwanamume aliyempiga, akazaa naye watoto. Hakuficha jambo hilo. Ameliandika mwenyewe kitabuni. Nje risasi, ndani ngumi. Siku moja akabeba wanawe akarudi kwa wazazi wake, mikono mitupu. Mimi naona amani ya Liberia ilianzia pale, ingawa hakuna kamera iliyokuwepo. Kisha akasomea ustawi wa jamii, akawa anawasikiliza vijana waliotoka vitani, wale wale ambao wengi hawakutaka hata kuwatazama usoni.

Usiku mmoja akaota sauti ikimwambia awakusanye wanawake waombee amani. Wakaanza Wakristo wachache, wakikutana kanisani. Siku moja mle alikuwepo Asatu Bah Kenneth, askari polisi, Mwislamu. Akasimama akaahidi kuwaleta kina mama wa Kiislamu. Wapo walionung'unika. Likaulizwa swali: hivi risasi ikitoka kwenye mtutu, inachagua dini?

Aprili 2003 wakaenda kukaa kwenye uwanja wa wazi jirani na soko la samaki, kando ya barabara aliyopita Rais na msafara wake. Walivaa nyeupe tupu. Hawakuvaa hereni wala mikufu, hawakupaka wanja wala rangi ya mdomo. Wakafunga vitambaa vyeupe kichwani, wakakaa. Jua la Monrovia likawachoma, kisha mvua ikawanyeshea, na mvua za kule si manyunyu. Nguo zikawagandama mwilini. Kesho yake wakarudi. Wengine wakatangaza kuwa hawatalala na waume zao mpaka vita viishe; waandishi wa habari walilipenda sana jambo hilo, lakini kazi kubwa ilikuwa ile ya kukaa. Tarehe 23 Aprili Taylor akakubali kuwaona. Juni, yeye na waasi wakaenda Accra, Ghana, kwenye mazungumzo ya amani, na baadhi ya kina mama wakafuata.

Kule Accra, wiki ziliyoyoma. Wajumbe walilala hotelini, wakala vizuri, wakagombania vyeo: nani achukue wizara hii, nani ile. Tarehe 21 Julai mabomu yakawaangukia watu waliokimbilia hifadhi katikati ya Monrovia. Siku hiyo kina mama wakakaa chini mbele ya milango ya ukumbi, wakashikana mikono. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: hatoki mtu humu mpaka mkubaliane.

Walinzi wakaja kumkamata Leymah. Basi tazameni alichofanya. Alisimama, akafungua kilemba chake. Kisha akaanza kuifungua lapa, kitenge alichojifunga kiunoni. Akawaambia atawarahisishia kazi: atavua nguo zote, hapo hapo, mbele yao.

Walinzi wakarudi nyuma.

Kwa nini watu wenye silaha wamwogope mama asiye na kitu? Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa sana. Tunajua maana ya kukosa radhi ya mama. Sehemu nyingi za Afrika Magharibi, mama akijivua nguo kwa hasira mbele yako, umelaanika. Hapa kwetu pia yametokea. Mwaka 1992, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, kina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa, wakiwa pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai, walivamiwa na polisi. Baadhi ya wazee wale wakajivua. Askari wakageuza nyuso.

Najua mmoja wenu atauliza: Bibi, si aibu? Nami namjibu bila kuzungukazunguka. Katika vita vile askari waliwavua wanawake nguo kwa nguvu, na hilo ni uhalifu wa vita. Leymah alishika nguo yake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Mwili ule ule, nguo ile ile. Kilichobadilika ni nani ameamua.

Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, aliyekuwa msuluhishi, akatoka kuzungumza nao. Kiongozi mmoja wa waasi alipojaribu kupita kwa nguvu, jenerali akamkemea na kumrudisha ndani.

Lakini siwezi kuwaficha jambo hili. Julai ile ile, huko Monrovia, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyeitwa Black Diamond kwa jina la vita, aliongoza kikosi cha wanawake wa waasi. Aliwaambia waandishi kwamba alibakwa na askari wa serikali, ndipo akashika bunduki. Naye alikataa. Nimemfikiria sana huyu. Siwezi kumhukumu kwa uchungu wake. Hata hivyo risasi za upande wake nazo ziliingia kwenye nyumba za watu waliokuwa na mabinti, na mabinti wale hawakuulizwa.

Agosti 11 Taylor akaondoka nchini. Tarehe 18 mkataba ukatiwa sahihi Accra. Januari 2006 Ellen Johnson Sirleaf akaapishwa, mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa kuwa rais, na mwaka 2011 yeye na Leymah wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Tawakkol Karman wa Yemeni.

Kabla ya uchaguzi ule wa 2005, kina mama wa nyeupe walizunguka masokoni. Waliwakuta wauzaji ambao hawajajiandikisha kupiga kura, maana nani aache biashara na mtoto akapange foleni? Wakawaambia: nenda, dada. Meza yako tunaikalia sisi, na mtoto tupe.