Stima Liemba na Mafundi Wake

Maji ya ziwa letu Kivu hayakai huku Goma daima. Huteremka kwa mto Ruzizi hata kuingia ziwa Tanganyika. Leo na tuyafuate, tukaione stima Liemba.

Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa hata Kigoma na kuungwa tena. Iliposhushwa majini Februari 1915 ilipewa jina la Graf von Götzen, Mjerumani yule aliyepanda mlima wetu Nyiragongo mwaka 1894. Lakini vita ilikuwa imekwisha anza. Julai 1916 mafundi wake waliamriwa kuizamisha, isije ikatwaliwa na adui. Walitii, ila kwanza waliipaka mitambo yote grisi nene, isiliwe na kutu. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, waliikuta mitambo ingali mizima! Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Kazi hiyo ilikuwaje? Ilikuwa kwenda na kurudi, toka Kigoma hata Mpulungu. Vijiji vingi havikuwa na gati. Stima ilisimama mbali na pwani, ikapiga honi, na mara mitumbwi ikatoka mbio, kila mmoja ukitaka kuwahi ubavuni. Huyu anapanda, yule anashuka. Mama anampokeza mtoto wake kwa mtu asiyemjua. Magunia ya dagaa yanavutwa juu. Chini kabisa walikuwamo wachochezi wa moto, wasioona ziwa wala nyota. Nao wakizembea, stima haiendi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata miaka ya 1970, mvuke ulipoachwa, ikatiwa mitambo ya dizeli.

Na mwaka 1997, vita ilipotulia, Liemba iliwachukua wakimbizi wa Kongo maelfu kwa maelfu kutoka Kigoma, ikawarudisha kwao kwa njia ya Uvira. Wale mafundi wa 1916 wangaliwezaje kujua kwamba grisi yao ingewafaa watu ambao hawajazaliwa bado?

Sisi tuliowalilia ndugu zetu waliozama karibu na bandari ya Kituku, Oktoba 2024, katika chombo kilichojazwa kupita kiasi, tunajua uzembe wa saa moja huzaa nini. Kazi ifanywayo kwa uaminifu, hata mahali pasipoonekana na mtu, huokoa roho za watu.