Chungu cha Mtoto Akifinyange Mwenyewe

Kijana anayesubiri matokeo ya mtihani ni mtu mgumu kukaa naye. Mimi nilikuwa kijana wa namna hiyo mwezi wa Juni 2018. Mtihani wa kidato cha sita tulikuwa tumeufanya mwezi wa Mei, na matokeo yangetoka Julai. Nyumbani nililala hadi jua lilipokuwa kali. Jembe sikutaka kulishika, na mama aliponituma kisimani nilinung'unika. Nilijiona msomi.

Siku moja Padre msaidizi wa parokia yetu aliniita. "Kijana," akasema, "shule za msingi zinafungwa. Nataka kuwakusanya watoto kwa majuma mawili, wajifunze nyimbo, ngoma, maigizo, kuchora na kufinyanga. Njoo unisaidie. Mshahara hakuna, ila uji upo." Nikakubali. Sikukubali kwa wema. Nilikuwa nimechoka kukaa bure.

Desturi ilikotoka

Padre huyo alipata kusoma Roma. Alitueleza kwamba kule Italia shule hufungwa mwezi wa Juni, wakati wa joto. Parokia nyingi huwakusanya watoto uwanjani kwa michezo, nyimbo, maigizo na kazi za mikono, na wanaowaangalia ni vijana wa sekondari. Desturi hiyo inafuata nyayo za Mtakatifu Yohane Bosco, aliyeanza kuwakusanya vijana maskini wa mji wa Torino mwaka 1841. Yeye mwenyewe, alipokuwa mtoto kijijini Becchi, alijifunza kutembea juu ya kamba na kufanya mazingaombwe. Wenzake walipokusanyika kutazama, aliwasalisha rozari.

"Kwetu Juni ni mwezi wa baridi," Padre alisema, "lakini watoto ni wale wale."

Basi wakaja watoto hamsini na wanne. Mimi nikapewa kundi la kufinyanga, chini ya Bibi mmoja mfinyanzi wa kijiji chetu. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Chukua jembe, twende mtoni." Kumbe usomi wangu ulikuwa umeitiwa kuchimba udongo!

Kazi yenyewe

Nilidhani kufinyanga ni mchezo wa matope. Bibi alinionyesha kwamba udongo huchaguliwa, huondolewa mawe na mizizi, huloweshwa, kisha huchanganywa na vigae vilivyotwangwa ili usipasuke. Hukandwa hata mikono iume. Chungu hujengwa kutoka chini kwenda juu, na gunzi la hindi hulainisha ubavu wake. Kisha huwekwa kivulini siku kadhaa. Ukikichoma kingali na majimaji ndani, maji yale hugeuka mvuke na chungu hupasuka motoni. Mfinyanzi asiye na subira hupata vigae.

Watoto walikuwa na subira kuliko mimi. Mimi niliwaza Dominika ya mwisho tu, ambapo vyungu vingewekwa mezani baada ya Misa, mbele ya Paroko na wazazi. Nilitaka watu waseme, "Kundi la kijana yule limefanya kazi nzuri."

Kosa langu

Kati ya watoto wangu alikuwamo msichana wa miaka tisa, mkimya sana. Chungu chake kilikuwa kidogo na kimepinda, tena upande mmoja kina mbonyeo mkubwa. Jioni moja, watoto walipokwisha kwenda, nilikichukua. Udongo ulikuwa bado laini. Nikakinyosha, nikauziba ule mbonyeo, nikalainisha mdomo. Nikajisifu moyoni. Si wazee husema, "Udongo uwahi ungali maji"?

Asubuhi mtoto alikitazama, akakigeuza, akakirudisha chini. "Hiki si changu," alisema. Hakulia. Akaketi pembeni kutwa, na kesho yake hakuja.

Nilimwambia Bibi kwamba mtoto yule ana kiburi. Bibi aliendelea kukanda udongo wake, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe ulipokuwa ukifanya mtihani, mwalimu akikunyang'anya karatasi na kukuandikia majibu yeye, ungefurahi?" Sikuwa na jibu. "Basi nenda kwao," akasema.

Njia ya kwenda kwao ilikuwa fupi, lakini siku ile niliiona ndefu. Baba yake alinikaribisha, akauliza mara moja, "Mwanangu amekosa nini?" Alikuwa tayari kumwadhibu. Ilinibidi niseme, "Baba, yeye hakukosa. Mimi ndiye niliyekosa, nimekuja kumwomba radhi." Mzee alinyamaza. Kwetu si jambo la kawaida mkubwa kumwangukia mtoto. Hata mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mtoto alisimama nyuma ya mlango. Nilipomwomba msamaha, alinieleza kwa sauti ndogo. Bibi yake mzaa mama alikuwa amepooza mkono mmoja. Alikuwa akimtengenezea chungu cha kunywea uji, na ule mbonyeo ulikuwa mahali pa kuweka kidole gumba, ili kisimponyoke. Nilichokiona kuwa kasoro ndicho kilichokuwa maana ya chungu chenyewe.

Alirudi kesho yake, akaanza upya. Dominika ilipofika, vyungu vya wenzake vilikuwa vimechomwa, chake kilikuwa bado kibichi. Tulikiweka mezani hivyo hivyo. Juma lililofuata, watoto wote walikuwa wametawanyika, Bibi na mimi tuliwasha moto kwa ajili ya chungu kimoja. Kilitoka kizima. Kuni nilizitafuta mimi, na safari hii sikunung'unika.

Nilichokipata

Padre alikuwa amewasimulia watoto wa kundi la kuchora habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Mwaka 1968, mjini Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vibao, kwa rangi za kupakia baiskeli. Hakusoma chuo chochote cha sanaa. Alifariki mwaka 1972, lakini uchoraji wa namna ile unaitwa kwa jina lake hata leo. Baada ya kosa langu niliikumbuka habari hiyo nikajiuliza: je, kama angetokea msomi kama mimi, akamfutia chui wake kwa kuwa hafanani na chui wa kitabuni?

Leo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Chuoni nilifundishwa mengi, nami nashukuru. Lakini kuuliza kabla ya kusahihisha, kungoja udongo ukauke, na kuomba radhi kwa aliye mdogo kwangu, hayo niliyapata katika majuma yale mawili, kwa malipo ya uji.

Wazazi wapenzi, ule usemi wa udongo ni wa kweli. Mtoto hufunzwa angali mdogo. Lakini kumfunza si kumfanyia. Mtoto wako akileta nyumbani kazi iliyopinda, usicheke, wala usiinyoshe. Muulize kwanza ameifanya kwa ajili ya nani.

Nanyi vijana mnaosubiri matokeo, msiyasubiri kitandani. Nendeni kwa Paroko au kwa mwalimu mkuu, mwulize kama wapo watoto wa kuangalia wakati wa likizo. Mtachoka, mtachafuka, na huenda mkaaibika kidogo kama mimi. Jambo hilo halitawadhuru.