Duka yetu ilikufa ndani ya kaye ya madeni

Wandugu watumishi wa migodi, na ninyi bamama mwenye kugawa mushahara mbele haijatoka, leo hatutazungumuza mugomo. Tutazungumuza biashara ile watu wanaanzisha pamoja: inaishi na mauzo yake yenyewe, na faida haiingii ku mufuko ya tajiri mumoja, inashusha bei kwa nyumba zote.

Sisi tulijaribu. Kuna miaka imepita, wenzangu wa sendika na mimi tulichanga makuta, tukafungua duka ya unga mu kambi. Unga ilitoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Juma ya kwanza mulolongo wa watu ulifika ku barabara. Mwezi wa pili rafiki mumoja akasema: «Chef, uniandikie tu, mushahara ikitoka nitalipa.» Utamukatalia namna gani mutu munayeshuka naye ndani ya shimo moja? Nikaandika. Kisha muke wake, kisha shemeji, kisha muchungaji. Mushahara ikachelewa. Mbele mwaka uishe, kaye ilikuwa imejaa na duka ilikuwa tupu. Mimi ndiye nilishika ile kaye. Hakuna mutu aliyeiba, na ile ndiyo iliniumiza zaidi, juu mwizi unamufukuza na mambo inaisha.

Kumbe hatukukuwa wa kwanza. Mu Uingereza, muji wa Rochdale, watu 28, kati yao wafumaji wa nguo, walifungua duka yao tarehe 21 Desemba 1844. Walikuwa na paundi 28 tu. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Mbele yao duka ingine ya namna ile, mu muji ule ule, ilikuwa imekufa juu ya mukopo. Basi wao wakaweka sheria: unalipa papo hapo, ama unarudi nyumbani. Kipimo ni cha kweli, unga haichanganywi na kitu. Kila mutu sauti moja, hata kama alichanga zaidi. Na faida iligawanywa kufuatana na vile kila mutu alinunua. Toka pale kooperative zilienea dunia nzima.

Lakini mukopo haikuwa kosa yetu pekee. Hatukujua kuhesabu. Tuseme unanunua mifuko 100 kwa franga 30 000 kila moja, unauza 32 000. Unasema: nimepata 200 000! Sasa toa lori na wapakizaji, 120 000. Toa nyumba, 50 000. Toa mulinzi, 60 000. Jumla 230 000. Umepoteza 30 000 na bado unacheka. Na sijaongeza mufuko uliopasuka njiani. Tena kuna dola. Sisi tulinunua na dola, tukauza na franga. Makuta ikilala siku kumi ndani ya sanduku na dola inapanda, safari inayofuata haupati tena mifuko 100. Ile hesabu hakuna mutu alitufundisha, na hatukuomba.

Ku sheria, njia iko wazi. Inchi yetu iko ndani ya OHADA toka 2012, na sheria yake ya kooperative, ya 15 Desemba 2010, inakubali kooperative ndogo ya watu 5. Ile kubwa, yenye baraza ya usimamizi, inaomba watu 15. Pale pia kila mutu sauti moja, na sehemu ya faida inapashwa kuwekwa akiba, ingine kwa kufundisha wanamemba. Mimi ninaongeza yangu: kiongozi wa sendika asishike makuta ya duka. Siku duka inaanguka, sendika inaanguka nayo. Nilionja.

Kuna wanaoniambia: mbona tusumbuke, Kode ya migodi ya 2018 inaomba kampuni zitoe 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji, tuombe mashini ya kusaga. Ni haki yetu, tuiombe. Lakini mashini ya bure nayo inakula mazuti, inakata mukaba, inaomba fundi. Kama bei ya kusaga meka moja haina ndani yake kidogo kwa ajili ya mukaba wa kesho, siku ya kuharibika itabaki pale, kuku zitalalia. Tuombe mashini, na tuombe pia mutu wa kufundisha hesabu miezi kazaa mbele haijafika.

Mu kata yetu bamama walianza tena, bila sisi. Walitoka ndani ya likelemba yao, kwa hiyo walikuwa wanajuana kwa makuta toka zamani. Wanauza unga na mafuta. Mama mumoja anauza, mwingine anaandika, wa tatu anahesabu sanduku kila magaribi. Mukopo hakuna. Mwenye kufiwa ama mwenye mutoto mugonjwa wanamusaidia na sanduku ingine ndogo, ya pembeni. Ile ya duka haiguswi.

Juma iliyopita muke wangu alienda kukamata litre ya mafuta, akasema baba atapitisha makuta jioni. Wakamurudisha na chupa tupu. Tulikula sombe bila mafuta, na kesho yake nikaenda kulipa mimi mwenyewe, mbele ya wote.