Picha ya moyo wa mbwa: jibu liko kwenye mapafu

Kikohozi cha mbwa mzee hukisiwa haraka kuliko kinavyochunguzwa. Mjini Tunduma mbwa hulinda maghala na yadi za malori. Katika kata za wilaya ya Ileje kama Ikinga hulinda nyumba na shamba. Akikohoa wiki nzima, mwenyewe huanzia duka la dawa za mifugo, na dawa ya minyoo au antibayotiki hutangulia kabla ya mtu yeyote kumsikiliza kifua. Wachache wanaofanikiwa kumfikisha mnyama kwenye mashine ya eksirei huweza kurudi na jibu moja tu: moyo umekua. Jibu hilo likisimama peke yake halitoshi kuanzisha tiba. Picha ya kifua cha mbwa au paka ina thamani kubwa, lakini sehemu kubwa ya thamani hiyo iko kwenye mapafu na mishipa yake, na kipimo cha moyo kinapaswa kusomwa baada ya hayo kutazamwa.

Tuanze na kile ambacho mashine inaweza kuona. Miale ya eksirei ikipita kifuani, mfupa huizuia zaidi na hewa ya mapafu huiruhusu ipite. Msuli wa moyo na damu iliyomo ndani yake huizuia kwa kiwango kinachokaribiana, ndiyo maana vyote hutokea kama doa moja jeupe lisilo na vyumba wala vali. Daktari anaona ukingo wa doa hilo, kisha anakisia kilichousukuma nje. Kwa binadamu, upana wa moyo hulinganishwa na upana wa kifua, na ukizidi nusu hutiliwa shaka. Kwa mbwa njia hiyo hukwama, kwa kuwa yuko mwenye kifua chembamba kilichoshuka chini na yuko mwenye kifua kipana kama pipa. Mwaka 1995, miaka 100 baada ya Wilhelm Röntgen kugundua miale hiyo, James Buchanan na Jörg Bücheler walichapisha kipimo kinachotumika hadi leo. Urefu wa moyo hupimwa kuanzia pale bomba la hewa linapogawanyika hadi kwenye ncha ya moyo, kisha upana wake mkubwa hupimwa kwa mstari unaoukata ule wa kwanza. Vipimo vyote viwili huhamishiwa kwenye uti wa mgongo, kuanzia pingili ya nne ya kifua, na idadi ya pingili hujumlishwa. Mbwa 100 wenye afya walitoa wastani wa pingili 9.7, na 10.5 ikawekwa kuwa mpaka wa juu kwa wengi wao. Kwa paka, utafiti wa mwaka 2000 ulipata wastani wa 7.5.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba mnyama anapimwa kwa mwili wake mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba namba ikishaandikwa huonekana ya uhakika kuliko ilivyo. Mbwa wa aina ya Boxer mwenye afya anaweza kuzidi pingili 11, hivyo mpaka wa 10.5 ungemwita mgonjwa bure. Picha iliyopigwa mnyama anapotoa pumzi huufanya moyo uonekane umejaa kifua na mapafu yaonekane meupe, na mafuta yanayouzunguka moyo wa mbwa mnene huongeza ukubwa wa kivuli. Afrika Mashariki lipo jambo jingine la kuangaliwa kabla rula haijawekwa. Mnyoo uitwao Spirocerca lupi, ambao mbwa huupata kwa kula wadudu wanaoishi kwenye kinyesi au wanyama wadogo waliowala wadudu hao, hujenga vinundu kwenye umio, hudhoofisha ukuta wa mshipa mkuu wa damu, na huweza kuharibu pingili za kifua. Maambukizi yake kwa mbwa wa Kenya yalielezwa katika utafiti wa miaka ya 1970. Pingili zilizoota mfupa wa ziada au kuungana haziwezi kuaminika kuwa rula, na uvimbe ulio nyuma ya moyo unaweza kudhaniwa ni moyo wenyewe.

Kwa paka tahadhari ni kubwa zaidi. Ugonjwa wa moyo unaowapata paka mara nyingi hunenepesha ukuta wa moyo kuelekea ndani. Chumba kinachosukuma damu hubanwa, lakini kivuli cha nje kinaweza kubaki kama cha paka mzima. Paka wa namna hiyo anaweza kuwa na picha inayoonekana safi leo na akashindwa kupumua baada ya muda mfupi. Kumwambia mwenye paka kwamba moyo ni mzima kwa sababu kivuli ni kidogo ni kumpa ahadi ambayo picha haikuitoa.

Basi macho yaende kwenye mapafu. Moyo wa kushoto ukishindwa kusukuma damu, shinikizo hurudi nyuma kwenye vena za mapafu. Vena hizo hupanuka kuliko ateri zinazokwenda sambamba nazo, kisha maji huanza kuvuja. Kwa mbwa mwenye vali inayovuja, weupe wa maji huanzia mara nyingi karibu na shina la mapafu na kuelekea nyuma na juu. Kwa paka unaweza kutokea popote, kwa mabaka. Hapo tiba hugawanyika. Mbwa mwenye moyo mkubwa lakini mapafu safi na vena za kawaida anaweza kuwa anakohoa kwa sababu ya bomba la hewa lililolegea au njia za hewa zilizovimba, na dawa ya kukojosha maji itamkausha na kuzitaabisha figo bila kumwondolea kikohozi. Mwenye maji kwenye mapafu anaihitaji dawa hiyohiyo leo, si kesho. Wote wawili wanaweza kuwa na pingili 11.5.

Wapo watakaosema kipimo cha ultrasaundi kimeipita eksirei, kwa hiyo tusipoteze muda. Kuhusu vali, unene wa ukuta na ukubwa wa vyumba, wana haki. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016 wa mbwa 360 ulionyesha kuwa dawa ya pimobendani iliahirisha kushindwa kwa moyo, au kifo kitokanacho na moyo, kwa takriban miezi 15, na mbwa hao hawakuchaguliwa kwa eksirei pekee: walitakiwa kuzidi pingili 10.5 na pia kuonyesha moyo uliopanuka kwenye ultrasaundi. Lakini kipimo hicho cha moyo hakimwonyeshi daktari mapafu yote kwa mtazamo mmoja, na mtu aliyezoea kukifanya kwa wanyama ni haba kuliko mashine yenyewe. Vipimo hivi viwili vinajibu maswali tofauti. Wengine watauliza kwa nini fedha zitumike kwa mbwa ilhali hata binadamu wa vijijini huifuata eksirei mbali. Swali hilo ni la haki, na ndiyo sababu picha isiagizwe ovyo: iagizwe pale tu jibu lake litakapobadilisha dawa.

Kwa anayeishi Ikinga, ambaye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro iko mamia ya kilomita kutoka kwake, uchunguzi wa kwanza hauhitaji umeme. Mnyama akilala usingizi mzito, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja, kila siku. Mbwa na paka wengi hubaki chini ya pumzi 30. Hesabu ikizidi hapo siku mfululizo, afisa mifugo wa kata ana sababu ya kweli ya kumwandikia rufaa. Akifika na anahema kwa shida, apewe oksijeni na utulivu kwanza, kisha apigwe picha akiwa amelala kwa tumbo. Kumgeuza chali paka anayekosa hewa kunaweza kumuua mezani. Atakayemshika avae aproni ya risasi, na asiwe mjamzito wala mtoto. Picha zinapotumwa kwa mtaalamu wa mbali, zitumwe mbili, ya ubavuni na ya mgongoni, zikiwa faili halisi la mashine na si picha ya simu iliyopigwa juu ya kioo, zikiambatana na umri, uzito, aina ya mbwa na hesabu zile za pumzi. Anayepokea namba ya pingili peke yake arudishe ujumbe na kuomba mapafu.