Baloji: Mzaliwa wa Lubumbashi aliyefika Cannes bila shule ya filamu

Kijana wa Lubumbashi anayetaka kusomea filamu hana njia fupi. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500, na shule kubwa za Ulaya huchuja waombaji kwa mtihani. La Fémis ya Paris, kwa mfano, humtaka mwombaji aandae jalada la uchunguzi kuhusu mada fulani, kisha wanaofaulu huhojiwa na jopo.

Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alipitia shule. Alisomea filamu Ubelgiji, na mwaka 1999 filamu yake, Pièces d'identités, ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou.

Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, hakusomea filamu. Alianza kama rapa wa kundi la Starflam, baadaye akaongoza video za nyimbo zake. Mwaka 2023, akiwa na miaka 44, filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, ilipata tuzo ya Sauti Mpya huko Cannes.

Njia zao ni mbili, lakini zote zilipitia Ubelgiji. Kijana aliyebaki Lubumbashi bado anatafuta ya tatu.