Mituweli yapanuka, lakini haivuki daraja la Rusizi

RUSIZI. Foleni ya Rusizi ya Kwanza huanza kujipanga alfajiri. Wako wenye mabeseni ya nyanya, wenye ndoo za sambaza, wenye maziwa na mboga, wote wakingoja kuvuka kwenda Bukavu. Jioni wengi wao wanarudi Kamembe. Wateja wako ng'ambo ya mto, watoto wako huku, na bima ya afya iko huku pia.

Bima hiyo ni Mutuelle de Santé, ambayo mtaani kila mtu huiita mituweli. Ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya chache, ikaenea nchi nzima katika muongo uliofuata, na leo inahudumia zaidi ya asilimia 80 ya Wanyarwanda. Tangu Julai 2015 inasimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB. Kwa mchuuzi asiye na mwajiri, ndiyo bima pekee iliyo karibu na mfuko wake.

Januari 2025 Baraza la Mawaziri lilipitisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilishangiliwa: mituweli iongezewe huduma 14, zikiwamo matibabu ya saratani, kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, kupandikiza figo, upasuaji wa moyo, kubadilisha nyonga na goti, na viungo bandia. Kabla ya hapo, familia ya kawaida iliyopata ugonjwa wa aina hii ilikuwa inauza shamba au kuchangisha ndugu.

La pili halikupigiwa makofi sana. Bei za matibabu zinazotozwa hospitalini, ambazo hazikuwa zimeguswa tangu 2017, zilipitiwa upya. Hospitali zilikuwa zimelalamika kwa miaka kwamba zinatoa huduma kwa hasara, na lalamiko hilo lilikuwa na msingi, kwa sababu dawa na vifaa havikubaki na bei ya 2017. Lakini mwanachama wa mituweli anahusika moja kwa moja. Kwenye kituo cha afya amezoea kulipa faranga 200 tu akifika. Hospitalini analipa asilimia 10 ya bili, na asilimia 10 hiyo hukua pamoja na bili yenyewe.

Tufanye hesabu ya mfano. Familia ya watu sita inayotoa faranga 3,000 kwa kila mtu hulipa 18,000 kwa mwaka. Tuseme mmoja wao afanyiwe upasuaji wa faranga 600,000: mchango wake utakuwa 60,000, yaani zaidi ya ada ya miaka mitatu ya familia nzima. Bei ya upasuaji huo ikipanda hadi 900,000, atatoa 90,000, ada ya miaka mitano. Bado ni nafuu kubwa ukilinganisha na kulipa yote. Ila mtu anayezungusha mtaji wa beseni moja la nyanya hawezi kutoa 90,000 bila kuua biashara. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba moyo na figo sasa vinalipiwa asielewe kwamba ni bure.

Kuna pia safari. Hapa Rusizi mgonjwa huanzia kituo cha afya, akishindikana hupewa barua ya rufaa kwenda Gihundwe au Mibilizi, na huko nako wakishindwa anapelekwa Butare au Kigali. Anayeruka ngazi na kwenda hospitali bila barua, kama si dharura, hujikuta analipa mwenyewe. Huduma nyingi kati ya zile mpya hazipatikani wilayani. Basi la Kigali linapita msitu wa Nyungwe na kula karibu siku nzima, na nauli, chakula na malazi ya anayemuuguza mgonjwa ni juu ya familia. Mgonjwa anayehitaji matibabu ya kila wiki hawezi kusafiri hivyo.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, hata hivyo, kikwazo cha kwanza ni kalenda. Mwaka wa mituweli unaanza Julai na kuisha Juni. Ada hulipwa kwa kaya nzima. Huwezi kumlipia mtoto mgonjwa ukawaacha wengine. Utaratibu uliowekwa unaruhusu kaya iliyolipa robo tatu ya ada kuanza kutibiwa, mradi imalize kilichobaki kabla ya Desemba 31. Kwa familia yetu ya 18,000, hiyo ni 13,500 kwanza na 4,500 baadaye. Ikipita tarehe hiyo bila kumaliza, kaya yote inafungiwa.

Hapo ndipo hali ya ng'ambo inapoingia nyumbani. Tangu Bukavu ichukuliwe na M23 Februari 2025 na benki zake kufungwa, fedha taslimu zimekuwa adimu katika soko ambalo Kamembe huliuzia. Aliyekopesha bidhaa Bukavu akangoja kulipwa, siku zake zinahesabiwa na kalenda ya Kigali. Wanaojua mambo huweka akiba ya mituweli kidogo kidogo kwenye ibimina, vile vikundi ambavyo wenzao wa Bukavu wangeviita likelemba, na kikundi ndicho kinachowalipia wote kwa simu au kupitia Irembo. Kwa maoni yangu, ibimina vimeiokoa mituweli hapa mpakani kuliko matangazo yote ya redioni.

Swali lingine linalozungumzwa ni nani atalipa kiasi gani. Kuanzia 2011 ada ilifuata madaraja ya ubudehe: maskini kabisa walilipiwa 2,000 na serikali, walio wengi walilipa 3,000, wenye uwezo 7,000. Madaraja hayo yaliacha kutumika kuamua nani apate huduma za serikali, na nafasi yake inachukuliwa na mfumo wa takwimu za kaya uitwao Imibereho. Mchuuzi wa mpakani ana sababu ya kuufuatilia kwa makini. Asubuhi ana mzigo wa laki mbili kichwani, jioni mzigo huo unaweza kuwa deni. Ukimhesabu asubuhi ni tajiri. Taarifa za kaya zikiwa na makosa, aende kwenye ofisi ya kiini au sekta kuzirekebisha mapema, asingoje mpaka mtu augue.

Na upande wa pili wa daraja? Mituweli haitambuliwi Bukavu. Mnyarwanda anayevunjika mguu soko la Kadutu anatibiwa kwa fedha zake mpaka afikishwe huku. Mkongomani anayeishi Kamembe yuko katika hali tofauti: sheria ya bima ya afya ya 2015 inamtaka kila mkazi wa Rwanda, mwananchi au mgeni, awe na bima. Anayekuja asubuhi na kurudi jioni si mkazi, na analipa bei kamili.

Majirani nao wana mipango yao, kila mmoja na mlango wake. Burundi ilifuta malipo kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua mwaka 2006. Kenya ilibadilisha NHIF kuwa SHA Oktoba 1, 2024, na asiye na mshahara anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, jambo ambalo wachuuzi wa huko wamelipinga. Tanzania ilipitisha sheria ya bima kwa wote mwaka 2023. Uganda haijawa na bima ya taifa. Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lina miaka zaidi ya 15, na Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Beseni la nyanya lina utaratibu wake wa kuvuka. Bima ya aliyelibeba bado haina.

Kwa sasa, anayevuka kila siku afanye jambo moja kabla ya kupanga foleni: aingize namba ya kitambulisho chake kwenye simu na kuangalia kama kaya yake imekamilisha malipo. Wako wanaogundua deni la 4,500 wakiwa tayari mbele ya dirisha la kituo cha afya, Januari, na mtoto mgongoni.