Pole na kazi kwa Kijapani: nahau za Sange na kamusi ya safu mbili

Mwaka jana mwenzangu mmoja wa kitivo aliniazima karatasi nne zenye nahau za Kijapani. Kushoto nahau, kulia maana yake kwa Kiingereza, basi. Yeye anacheza karate. Mwalimu wake pale Uvira huhesabu mazoezi kwa Kijapani, ichi, ni, san, naye akaona kuhesabu peke yake hakumfikishi mbali. Mimi nilizisoma ndani ya Hiace nikienda nyumbani Sange, gari ambalo mlangoni bado lina maandishi ya Kijapani ambayo hakuna abiria anayeyaelewa. Tulipofika Runingu nilikuwa nimesahau joto.

Kilichonishika kwanza ni neno la kila siku tu. Wajapani wanapomaliza kazi huambiana otsukaresama. Ndani yake kuna kitenzi tsukareru, yaani kuchoka, kilichovikwa alama za heshima mbele na nyuma. Karatasi ilidai kwamba maana yake ni "kazi nzuri". Hapana. Mtu yeyote wa Sange anayekutana na mama anayetoka shambani na mzigo kichwani analijua neno hilo: "Pole na kazi, mama." Neno hili haliisifu kazi. Linakubali kwamba kazi imemchosha mtu, na kwamba wewe uliyekaa umeliona hilo. Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo, na Kifaransa kikisema bon courage kinamtazama yule ambaye bado ana kazi mbele yake. Mfasiri wa Kiingereza alitoa alichokuwa nacho mfukoni. Kama karatasi hizo zingepita kwetu kwanza, mstari huo usingehitaji maelezo yoyote.

Ni hivyo hivyo kwa tadaima, anayoisema mtu anapoingia nyumbani, na okaeri anayojibiwa. Sisi tuna "nimerudi" na "karibu, pole na safari". Na yule aliyezidiwa na shughuli, Mjapani husema kwamba angetamani kuazima hata mkono wa paka. Siku za kuvuna mpunga katika bonde la Ruzizi hata sisi tungeuazima, ila nahau hiyo hatuna.

Si kila mahali tunakutana hivyo. Kuna methali yao isemayo kwamba hata nyani huanguka kutoka mtini, maana yake fundi naye hukosea. Mwanafunzi mwenye haraka ataiweka bega kwa bega na "nyani haoni kundule", kwa sababu nyani ameonekana pande zote mbili. Lakini yetu inamsema mtu asiyeona aibu yake mwenyewe, yao inamsamehe mtu aliyeteleza. Mnyama ni yule yule, hukumu zimepishana kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza juu ya orodha ambayo haijaandikwa. Ikiwa mtu angeandika karatasi nne kama hizi kwa ajili ya Kiswahili cha kwetu, Kiswahili cha Uvira na Sange ambacho Mtanzania hukicheka na mwalimu wa shule hukisahihisha, angeweka nini upande wa kulia? Swali hili si la mchezo. Maneno yetu yanafasiriwa kila siku na watu wa mashirika, na mahakimu, na madaktari, na wale wanaoandika maelezo ya wakimbizi. Upande wa kulia tayari unajazwa. Sisi tu ndio hatujashika kalamu.

Tuchukue mwili. Katika Kijapani hasira hukaa tumboni: hara ga tatsu, tumbo limesimama, mtu amekasirika. Kupasua tumbo, hara o waru, ni kusema yote bila kuficha. Na mwenye tumbo jeusi, haraguroi, ni mtu wa hila. Kwetu mambo mengi ya namna hiyo yamewekwa katika roho. Jirani akikunyima chumvi na huku anayo, utasikia: "Yule iko na roho mubaya." Maana yake ni kwamba ana choyo, ana kijicho, hapendi mwenzake apate. Ni lawama ya kawaida, na kesho yake mnaazimana jembe.

Sasa iandike nahau hiyo katika kamusi ya safu mbili, neno kwa neno, kwa Kifaransa au Kiingereza: "ana roho mbaya" inageuka "ana pepo mchafu". Kosa hili ni jepesi kulifanya kwa sababu hata katika Biblia tunayoisoma, roho mbaya iliyomsumbua Sauli ni roho kweli, haikuwa choyo. Na hapa Kongo, ambapo mtoto anayedhaniwa kuwa mchawi anaweza kufukuzwa nyumbani, tofauti kati ya "mtoto huyu ana choyo" na "mtoto huyu ana pepo" si ya kuwaachia wanaisimu peke yao. Shangazi aliyekuwa analalamika kwamba mtoto hagawani na wenzake anageuka, katika ripoti, kuwa shahidi wa uchawi. Haraguroi ingemsaidia mfasiri huyo zaidi kuliko kamusi yake: ukishajua kwamba Mjapani haongelei rangi ya matumbo, hutafanya haraka kudhani kwamba Mfuliiru anaongelea mapepo.

Kuna kundi la pili, gumu zaidi, kwa kuwa halionekani kama nahau. Neno ni lile lile la Kiswahili sanifu, ila nyumbani linafanya kazi nyingine. "Juu ya nini?" kwetu ni "kwa sababu gani?", wala hatuulizi kitu kimewekwa juu ya meza gani. "Kusikia" ni kusikia kwa sikio, ni kuelewa, ni kuhisi: "Minasikia Kifaransa kidogo", "minasikia mubaya tangu jana". Walimu wetu wa sekondari walisema huo ni uvivu wa lugha. Basi uvivu huo ni wa majirani wote, maana Kirundi kina kwumva na Kilingala kina koyoka, na vyote viwili hubeba kusikia, kuelewa na kuhisi ndani ya kitenzi kimoja. Hata Mswahili wa pwani husikia njaa na kusikia baridi. Anayestahili kushangazwa labda ni Mfaransa, aliyegawa kitu hicho katika vitenzi vitatu.

Neno ambalo familia yetu hailisahau ni kutosha. Katika Kiswahili sanifu kitu kinachotosha hakipungui. Kwetu, pamoja na maana hiyo tunayoisikia kanisani, kutosha ni kuondoa, kufanya kitu kitoke: tosha viatu, tosha sufuria jikoni. Kutosha mimba ni kuitoa. Mama mudogo wangu alikuwa mjamzito katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako watu wa Uvira na Fizi wamekimbilia tangu mwaka 1996. Muuguzi, Mtanzania mpole kwa maelezo ya mama mwenyewe, alimpa vidonge vya kuongeza damu akamwambia: "Hivi vinatosha mpaka ujifungue." Mama alisikia kitenzi, akaitazama mimba yake, akaenda kuvitupa chooni. Alijifungua salama, ila kwa damu kidogo sana, na hata leo anakisimulia kisa hicho akicheka nusu tu. Muuguzi hakukosea. Mama hakukosea. Kila mmoja alisema Kiswahili chake kwa usahihi, na hilo ndilo linalotisha, kwa sababu ukiongea na mgeni wa Kijapani unajua kwamba hamuelewani na unatafuta mkalimani. Baina ya Waswahili wawili hakuna anayeita mkalimani.

Wapo waliojifunza hili kwa shida. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, waliohusika na mawasiliano walikuta kwamba ujumbe ulioandikwa kwa Kiswahili sanifu haukuwafikia watu wote kama ulivyokusudiwa. Sishangai.

Kundi la tatu ni la misemo ya nchi nzima. Mwambie mgeni kwamba tunaishi kwa Article 15, naye akiwa mtu makini atafungua Katiba ya mwaka 2006 na kukuta kwamba ibara ya 15 inahusu kutokomeza ukatili wa kingono. Atachanganyikiwa kabisa. Msemo huo ni wa zamani kuliko Katiba hiyo, na maana yake ni "jitafutie mwenyewe, usimngoje mtu". Ibara yenyewe haikuhusika kamwe.

Nimeacha kwa makusudi usemi mmoja hadi hapa. Karatasi ya mwenzangu ilikuwa na shikata ga nai, neno kwa neno "hakuna njia ya kufanya", na upande wa kulia "haiepukiki". Kwetu ni "Tutafanya je?" Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, likashika moto, na watu zaidi ya 200 wakafa. Nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka kutoka wiki zilizofuata ni wakubwa wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba, mmoja anataja jina, mwingine anataja jina, halafu kimya, halafu mtu anasema "Tutafanya je?" na hakuna anayejibu, kwa sababu halikuwa swali. Ukiliandika na alama ya kuuliza na kulifasiri hivyo, watu hao wanaonekana wamepotewa, wanaomba shauri la mgeni mwenye kalamu. Kumbe walikuwa wanafunga mazungumzo ili kila mtu aweze kuinuka na kwenda kulala.

Kwa hiyo daftari langu lina safu tatu. Ya tatu inasema nani anamwambia nani, na lini. Kwa "Tutafanya je" nimeandika: husemwa na mkubwa, baada ya kimya, wakiwa wamekaa, usijibu.